Papai, Mkate na Damu: Kipimo cha Mzio wa Vimeng'enya

Mwaka 1986 jarida la tiba la Lancet lilichapa makala ya daktari Mjerumani Xaver Baur na wenzake kuhusu waokaji mikate wenye pumu. Katika kazi ya kuoka ugonjwa huo ni wa kale. Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena nchini Italia, aliwataja wasaga nafaka na wapika mikate wenye kukohoa na kukosa pumzi katika kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi kilichotoka mwaka 1700. Tangu hapo lawama imeangukia vumbi la unga. Baur na wenzake walitazama kitu kingine kilichomo katika gunia lilelile: amilesi, kimeng'enya kinachovunwa kutoka kwa kuvu aitwaye Aspergillus oryzae na kuchanganywa na unga kwa kiasi kidogo sana, miligramu chache tu kwa kilo. Damu ya baadhi ya waokaji ilikuwa na kingamwili dhidi ya amilesi hiyo.

Kwa mgonjwa tofauti kati ya unga na amilesi ni kubwa. Mwokaji anayebanwa kifua akipelekwa maabara na fomu iliyoandikwa "unga wa ngano" peke yake, jibu laweza kurudi safi kabisa. Ataambiwa hana mzio, atapewa dawa ya kuvuta, na alfajiri ya pili atakuwa tena mbele ya pipa la kukandia, anamimina kiboresha mkate chenye amilesi. Maabara haikukosea. Iliulizwa habari za ngano, ikajibu habari za ngano. Hoja ya mhadhara huu ni hiyo: kipimo cha damu cha mzio wa kimeng'enya fulani ni makini sana, lakini hakiendi kutafuta chochote. Thamani ya jibu lake inategemea kama aliyeagiza kipimo ameijua kazi ya mgonjwa, chakula chake, na hata minyoo aliyonayo tumboni. Habari ya minyoo itafika mahali pake.

Kwanza kimeng'enya chenyewe. Ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia yasiisubiri karne nzima. Amilesi hukata wanga kuwa sukari. Hamira ikapata cha kula, boflo likaumuka, ganda likapata rangi ya kahawia. Ngano ina amilesi yake ya asili, ila kiasi hubadilika kwa msimu na kwa aina ya mbegu, na mwenye kiwanda anataka mkate wa leo ufanane na wa jana. Ndipo kuvu alipopata ajira. Mtu aliyemleta sokoni ni Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mwaka 1894 alipata hataza ya kutengeneza kimeng'enya kwa kutumia kuvu huyo, ambaye Wajapani walikuwa wakimtumia tangu zamani kuchachusha mchele na soya. Takamine alikiuza kama dawa ya tumbo kwa jina la Taka-Diastase. Viwanda vya mikate vilikuja baadaye.

Anayekula mkate hana sababu ya kutetemeka, kwa kuwa joto la tanuri huiharibu sehemu kubwa ya amilesi. Hatari iko kwa anayeipumua ikiwa bado unga mkavu, siku baada ya siku. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1996, uliofanywa kwa wafanyakazi 178 wa mikate, ulikuta ngozi za takribani asilimia 9 yao zikiitikia amilesi ya kuvu, na walioipumua zaidi ndio walioathirika zaidi. Hewani ilikuwa ikipimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu, katika mita moja ya ujazo.

Damu inajuaje kisa hiki? Jibu la kwanza lilipatikana ndani ya ngozi ya tumbo la daktari. Mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, walikuwapo matabibu wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa hawezi samaki: akila aliyepikwa, mwili unamvimba na kumwasha. Prausnitz alichukua seramu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda, kutoka kwa mwenzake, akajichoma nayo tumboni. Siku iliyofuata alijichoma dondoo la samaki palepale, na pakainuka kivimbe chekundu chenye kuwasha. Prausnitz hakuwa na mzio wa samaki; aliuazima. Walichapa habari hiyo mwaka 1921, na kwa miongo kadhaa madaktari wakawa wanapima mzio kwa kuhamisha seramu ya mgonjwa kwenda kwenye ngozi ya mtu mwingine. Leo, kwa tunayoyajua juu ya homa ya ini na virusi vingine vya damu, utaratibu huo unatia baridi.

Kilichohamishwa na sindano ya Prausnitz kilikaa bila utambulisho hadi miaka ya 1960. Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wakiwa Denver, Marekani, walikitambua mwaka 1966 katika seramu za watu wenye mzio wa chavua. Kule Uppsala, Sweden, Gunnar Johansson na Hans Bennich walikifikia kwa njia nyingine kabisa: mgonjwa wa saratani ya uboho ambaye mwili wake ulikuwa ukifyatua kwa wingi protini ya aina isiyojulikana. Makundi hayo mawili yalilinganisha vielelezo vyao, wakakuta ni kitu kimoja. Februari 1968 Shirika la Afya Duniani likaitisha mkutano Lausanne, Uswisi, na jina likapitishwa: imunoglobulini E, au kwa ufupi IgE.

Watu wa Uppsala hawakungoja jina. Mwaka 1967 Leif Wide, Bennich na Johansson walikuwa wamekwisha kueleza kipimo chake. Kinachoshukiwa, tuseme amilesi, hugandishwa kwenye kitu kigumu kisichoyeyuka. Seramu ya mgonjwa humiminwa juu yake. Kama ndani yake imo IgE inayoitambua amilesi, itanasa. Isiyohusika itasafishwa na kumwagwa. Kisha huongezwa kingamwili kingine kilichotengenezwa kuikamata IgE ya binadamu, nacho kimebebeshwa alama. Zamani alama ilikuwa iodini yenye mnururisho, na mpimaji alihesabu miale. Siku hizi mashine nyingi hutumia alama inayowaka mwanga, na mwanga huo hutokana na kazi ya kimeng'enya: katika mojawapo ya mifumo iliyoenea zaidi duniani ni beta-galaktosidesi. Basi mwokaji anayepimwa mzio wa kimeng'enya anapimwa kwa msaada wa kimeng'enya.

Usahihi wa kazi hii unastaajabisha. Mpaka wa zamani wa kusema "ipo" ni uniti 0.35 elfu kwa lita. Ukiugeuza kuwa uzito ni chini ya mikrogramu moja ya IgE katika lita nzima ya seramu. Mashine za sasa hushuka hadi 0.1. Mgonjwa hachomwi na kitu anachokiogopa, anatoa damu tu, kwa hiyo kipimo hakiwezi kumletea shambulio. Wala dawa za kuzuia mzio anazomeza hazikiharibu, tofauti na kipimo cha kuchoma ngozi, ambacho hutaka ziachwe siku kadhaa kabla. Sifa hizo ni za kweli na zinastahili kutajwa, kwa sababu mengi yanayofuata ni lawama.

Kiwanda cha kwanza kuipa dunia somo la mzio wa vimeng'enya kilikuwa cha sabuni. Katika miaka ya 1960 sabuni za unga zilianza kutiwa vimeng'enya vya kukata protini, vilivyovunwa kutoka kwa bakteria Bacillus subtilis. Madoa ya damu, maziwa na jasho yalitoka kwa urahisi na wanunuzi wakafurahi. Kiwandani vumbi lilitanda. Mwaka 1969 daktari wa viwanda Michael Flindt aliandika katika Lancet kuhusu wafanyakazi wa Uingereza waliougua mapafu kwa kuvuta vumbi hilo, na kundi la Jack Pepys wa London likachapa matokeo yake mwaka uleule. Ngozi za wafanyakazi hao ziliitikia, na mapafu yao yakabana walipopewa kiasi kidogo cha kimeng'enya chini ya uangalizi.

Dawa ya tatizo haikuwa ya hospitali. Vimeng'enya vilifungwa ndani ya punje zilizopakwa nta ili visipeperuke, mashine zikafunikwa, hewa ikapimwa. Wataalamu wa Marekani wa usalama kazini waliweka kikomo cha nanogramu 60 za vimeng'enya hivyo katika mita ya ujazo ya hewa. Hata hivyo ushindi haukuwa kamili: mwaka 2000 Paul Cullinan na wenzake waliripoti mlipuko wa pumu katika kiwanda cha kisasa cha sabuni, kilichokuwa kikitumia punje hizohizo za kufungwa. Na akina mama wanaofua kwa mikono? Watafiti waliwafuatilia wanawake wa Ufilipino wenye mwelekeo wa mzio kwa miaka miwili, wakitumia sabuni yenye vimeng'enya, na ripoti yao ya mwaka 2004 ikasema hawakukuta IgE dhidi ya vimeng'enya hivyo. Utafiti ulihusisha wataalamu wa kampuni inayouza sabuni, jambo la kukumbukwa na msomaji, ingawa peke yake halitoshi kuyatupa matokeo.

Afrika ya Mashariki na Kongo zinaingia katika kisa hiki kupitia papai.

Mpishi wa mishkaki haitaji mhadhara kujua kazi ya papai bichi. Kipande kikitwangwa na kupakwa kwenye nyama ngumu, nyama inalainika. Kikikaa muda mrefu kupita kiasi, inakuwa uji. Kinachofanya kazi hiyo ni papeini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu mweupe wa tunda lisiloiva, kikapewa jina hilo na mkemia Mfaransa Adolphe Wurtz mwaka 1879. Kuuvuna ni kazi ya asubuhi. Tunda huchanjwa likiwa bado mtini, utomvu ukatiririka na kuganda, ukakusanywa, ukakaushwa na kusagwa kuwa unga. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa unga huo katikati ya karne iliyopita, na Kivu Kaskazini, upande wa Beni, imekuwa ikiuuza nje kwa miaka mingi. Wanunuzi ni wengi: viwanda vya kulainisha nyama, vya ngozi, vya dawa, na vya bia, ambavyo viliipenda papeini tangu Leo Wallerstein wa New York alipopata hataza mwaka 1911 ya kuitumia ili bia ikipozwa isiingie ukungu.

Anayechanja papai anajua kwamba utomvu huunguza mikono. Kuungua huko ni kimeng'enya kinachokata protini za ngozi, nako humpata yeyote bila kujali kinga yake. Mzio ni jambo jingine. Huanza baadaye, mara nyingi baada ya miezi ya kuvuta unga mkavu: chafya, macho kuwasha, kisha kifua. Mwaka 1979 Baur, akiwa na Günter Fruhmann mjini Munich, alieleza pumu ya papeini iliyothibitishwa kwa njia tatu kwa pamoja: ngozi, damu, na kumvutisha mgonjwa kiasi kidogo cha kimeng'enya. Mwaka huohuo walieleza pumu itokanayo na bromeleini, kimeng'enya cha nanasi, na Flindt yuleyule wa sabuni aliandika kuhusu mzio wa amilesi na papeini. Mtu anaposoma makala hizi mfululizo anaona jambo moja: hakuna hata mmoja kati ya waandishi hawa aliyeanzia maabara. Wote walianza kwa kuuliza mfanyakazi anashika nini.

Papai lilifika hadi chumba cha upasuaji, na safari yake ilianzia kwenye masikio ya sungura. Mwaka 1956 Lewis Thomas, daktari wa New York, alichapa picha za sungura aliowachoma papeini kwenye mshipa. Masikio yao yalilegea na kuanguka kama vitambaa, kisha siku chache baadaye yakasimama tena. Papeini ilikuwa imeyeyusha kiini cha gegedu. Lyman Smith, daktari wa mifupa wa Illinois, akafikiria pingili za mgongo. Kama kimeng'enya hulegeza gegedu, hakiwezi kuyeyusha diski iliyofyatuka na kukandamiza neva? Alichagua kimopapeini, ndugu wa papeini katika utomvu uleule, akaanza kuwachoma wagonjwa mapema miaka ya 1960. Baada ya mabishano marefu mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano hiyo mwaka 1982.

Kwa wengi ilifanya kazi. Kwa wachache, takribani mmoja katika kila mia moja au mia mbili, wanawake zaidi kuliko wanaume, dakika chache baada ya sindano shinikizo la damu liliporomoka, njia za hewa zikavimba. Huo ni mshtuko wa mzio, na baadhi walikufa. Wagonjwa hao hawakuwahi kuchomwa kimopapeini kabla. Miili yao ilikuwa imekutana na papeini kwingine, katika chakula na bidhaa nyingine. Hapa kipimo cha damu kilipata kazi yake safi kuliko zote: kabla ya mgonjwa kupelekwa mezani, seramu yake ilipimwa IgE ya kimopapeini, na aliyekuwa nayo hakuchomwa. Swali lilikuwa moja, wakati ulijulikana, hatari ilijulikana, na jibu la "ndiyo" lilikuwa na maana moja tu: acha. Hata hivyo sindano ilipoteza wateja, na mwaka 2003 ikaondolewa sokoni Marekani. Miaka mitano baadaye mamlaka ileile iliamuru marhamu za vidonda zenye papeini, zilizokuwa zikiuzwa bila idhini, ziache kuuzwa, kwa sababu ya taarifa za mshtuko wa mzio.

Papeini ina jamaa mmoja anayeishi karibu kila nyumba. Utitiri wa vumbi la magodoro hutoa kinyesi chenye protini iitwayo Der p 1, ambayo Martin Chapman na Thomas Platts-Mills waliitenga mwaka 1980. Muundo wake uliposomwa mwaka 1988 nchini Australia, ulionekana kuwa wa ukoo wa papeini. Kwa hiyo mzio ulioenea kuliko karibu yote duniani ni, kwa sehemu kubwa, mzio wa kimeng'enya. Sumu ya nyuki nayo inaongozwa na vimeng'enya: fosfolipesi, inayohesabiwa kuwa kiini kikuu cha mzio wake, na hyaluronidesi. Kwa nini jamii hii ya protini iwe na bahati mbaya hiyo? Sehemu ya maelezo ni kwamba zile zinazokata protini hukata pia viungio vya seli za utando wa pua na mapafu, zikajifungulia mlango, na seli zilizojeruhiwa zikapiga kengele ya kinga. Maelezo hayo hayafai kwa amilesi, ambayo haikati protini.

Sasa minyoo.

Vimeng'enya vingi vya mimea havitoki vitupu. Vimening'iniza minyororo ya sukari. Bromeleini ya nanasi ni mfano maarufu. Mnyororo wake una sukari mbili, fukosi na zailosi, zilizoungwa kwa namna ambayo mwili wa binadamu hauiungi kamwe, kwa hiyo kinga huiona ni kitu kigeni. Rob Aalberse na wenzake wa Amsterdam waligundua mwaka 1981 kwamba watu wengine hutengeneza IgE dhidi ya sukari hizo. Na kwa kuwa sukari zenyewe zimetapakaa katika mimea, wadudu na minyoo, IgE ya namna hiyo hunasa kila mahali: kwenye nanasi, karanga, chavua, mpira wa utomvu, sumu ya nyigu. Mtu mmoja anaweza kurudi nyumbani na karatasi yenye orodha ndefu ya mizio, hali amekula nanasi na karanga tangu utoto bila hata kupiga chafya.

Sababu ya kutoumwa ni ya kimitambo. IgE hukaa juu ya seli za masti, na seli hizo humwaga histamini pale IgE mbili zinapovutwa pamoja na protini moja. Bromeleini ina mnyororo mmoja tu wa sukari, basi ina mahali pamoja pa kushikwa. Haiwezi kuziunganisha mbili. Tena kingamwili hizi za sukari kwa kawaida hushika kwa ulegevu. Kwenye mashine, ambako bromeleini imejaa tele na kinachotakiwa ni kunasa tu, zinaonekana. Mwilini zinakaa kimya.

Mwaka 2013 Abena Amoah na wenzake walichapa utafiti wa watoto wa shule zaidi ya elfu moja nchini Ghana. Watoto wengi walikuwa na IgE ya karanga katika damu, lakini waliokuwa na ngozi inayoitikia karanga walikuwa wachache sana, na wenye IgE hiyo walikuwa wakila karanga bila shida. Watafiti walipotia bromeleini katika seramu, IgE "ya karanga" iliiacha karanga ikaikimbilia bromeleini: ilikuwa ya sukari tangu mwanzo. Na ilihusiana na kichocho. Mayai ya minyoo ya kichocho yana sukari za namna hiyo.

Ni vigumu kuona ni kwa nini matokeo haya yasihusu Pemba, Mwanza, Ukerewe au kando za ziwa upande wa Kisumu na Uganda, ambako kichocho kimekuwa habari ya familia nyingi. Minyoo pia hupandisha IgE yote kwa jumla, wakati mwingine hadi maelfu ya uniti elfu kwa lita, na seramu iliyojaa IgE kiasi hicho huweza kubandika kidogo mahali popote. Mipaka ya 0.35 na 0.1 ilipangwa kwa damu za watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambao wengi wao hawana mnyoo hata mmoja. Kuipokea bila swali kwa damu ya mvuvi wa Ukerewe ni uvivu. Jibu la 0.6 kwa bromeleini kwa mtu kama huyo halimzuii kula nanasi. Jibu la 0.6 kwa papeini kwa mwanamke anayesaga utomvu mkavu na kubanwa kifua kila jioni ni jambo la kuchukuliwa hatua.

Maabara nzuri ina njia za kujikwamua. Inaweza kupima mnyororo wa sukari wa bromeleini peke yake, bila protini. Ukitoka juu na kingine chochote kikatoka juu kwa kiasi hichohicho, mashaka yaelekezwe kwenye sukari. Inaweza kutia sukari hizo katika seramu, zikazibwa zile kingamwili zisizo na madhara, kisha ipime upya. Kipimo kingine huchukua seli hai za damu na kuzikutanisha na kimeng'enya, ili ionekane kama zinaamka kweli. Hicho kinahitaji damu mbichi na mtaalamu aliye karibu, kwa hiyo ni cha mahali pachache.

Hospitali nyingi za wilaya hazina hata kipimo cha kawaida, na anayekitaka hulipia maabara binafsi mjini. Kwa sababu hiyo zana moja rahisi inastahili heshima kubwa kuliko inayopata: kile kibomba cha plastiki ambacho mgonjwa hupuliza kwa nguvu na mshale ukaonyesha kasi ya pumzi. Mwokaji apulize mara nne kwa siku, kwa wiki tatu au nne, zikiwamo siku za kazi na za mapumziko, aandike namba katika daftari. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda akiwa nyumbani, kazi imeshashitakiwa, na kilichobaki ni kumtambua mhalifu. Hapo ndipo damu ikachukuliwe.

Na fomu ijazwe vizuri. Kwa mwokaji: ngano, nafaka ya rai kama kiwanda kinaitumia, na amilesi ya kuvu, kila kimoja mstari wake. Lebo ya kiboresha mkate iletwe hospitalini au ipigwe picha, kwani vingine vina vimeng'enya zaidi ya kimoja, kama zailanesi. Kwa mfanyakazi wa papai: papeini, lakini unga wa kiwandani si papeini tupu, umebeba kimopapeini na protini nyingine za utomvu, hivyo "hakuna" ya papeini safi haimalizi kesi. Kwa wa kiwanda cha sabuni jina la kimeng'enya litoke kwa mwajiri, maana vimeng'enya vya sabuni hubadilishwa mara kwa mara na kipimo cha kile cha miaka kumi iliyopita hakitaona cha leo. Ikiwa daftari la pumzi linashitaki na damu inakana, liaminiwe daftari. Vipimo vya damu vya vimeng'enya vya kazini hukosa baadhi ya wagonjwa ambao ngozi zao huitikia.

Kwa upande wa pili yuko mfanyakazi mwenye IgE na asiye na dalili yoyote. Viwanda vikubwa vya sabuni huwapima watu wao kila mara na kuwakuta wa namna hiyo. Kumfukuza kazi kwa sababu ya karatasi ni dhuluma, na mwajiri mwenye tabia hiyo atawafundisha wengine kuficha kikohozi. Kinachofaa ni kuitazama hewa anayoivuta: kama kuna mtu mpya mwenye IgE, vumbi linavuja mahali fulani, pengine kwenye mdomo wa gunia linapochanwa au pale sakafu inapofagiwa kikavu. Mtu huyo apimwe pumzi kwa ukaribu zaidi, na uvujaji uzibwe.

Aliyekwisha kuumwa haponi kwa kipimo. Akiondolewa kwenye vumbi, IgE yake hupungua polepole, kwa miezi na miaka, ingawa chembe moja ya IgE iliyo huru katika damu haidumu zaidi ya siku chache. Mwili huendelea kuitengeneza. Pumu nayo haina ratiba hiyo. Waliohamishwa mapema, dalili zikiwa bado za miezi michache, wana nafasi nzuri ya kupumua kama zamani. Waliovumilia miaka wakimeza vidonge na kurudi kwenye pipa, wengi hubaki na pumu hata baada ya kuacha kuoka.